Yosefu Mukasa, Rafiki wa Kabaka

Kila ifikapo tarehe 3 Juni, Kanisa linapowakumbuka Mashahidi wa Uganda, watoto wetu wa Shule ya Jumapili hapa Mwamgongo huchanganya jina la kijiji chao na jina la Namugongo, mahali walipochomwa moto wale vijana. Mmoja aliwahi kuuliza ni sehemu gani ya ufuko wetu walipochomewa. Tulicheka, kisha tukamweleza kuwa Namugongo ni mbali, huko Buganda, ng'ambo ya ziwa jingine. Lakini swali lake lilitufanya tufikiri. Wengi wetu tunaijua habari ya moto wa 1886, bali hatujui moto huo ulianzia wapi. Ulianza miezi sita na zaidi kabla ya hapo, na ulianza kati ya marafiki wawili. Katika toleo hili tumeona vema kusimulia habari za mmoja wao, Yosefu Mukasa Balikuddembe.

Msomaji anaweza kutuuliza kwa nini gazeti la Kanisa Anglikana limsimulie mtu aliyekuwa Mkatoliki. Tunamwomba asubiri kidogo. Mtu huyu aliuawa siku kumi na saba tu baada ya Askofu wetu James Hannington, na sababu mojawapo ya kuuawa kwake ni kwamba alimtetea Askofu huyo ambaye hakupata kumwona kwa macho. Deni la namna hiyo si vizuri kulisahau.

Tena habari yenyewe haiko mbali na ziwa letu kama inavyodhaniwa. Mwaka 1878 Mapadre Weupe walitoka Bagamoyo katika msafara mmoja wakapanda mpaka Tabora. Hapo wakagawanyika. Kundi moja likaja Ujiji, likafika mwanzoni mwa 1879. Kundi la pili likashika njia ya kaskazini kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Wa kwetu walijenga Rumonge, huko Burundi ambako wafanya biashara wa pwani hii huenda na kurudi, na mwaka 1881 watatu wao wakauawa hapo. Wa Buganda, wakiongozwa na Padre Livinhac, pamoja na Padre Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapeera, ndio waliomfundisha dini kijana Mukasa. Wakati wao walipofika, ndugu zetu wa C.M.S. walikuwa wamekwisha kutangulia huko tangu 1877, na Bwana Alexander Mackay alikuwa akifundisha kusoma huku akifua chuma na kupiga chapa vitabu.

Mukasa alizaliwa karibu na mwaka 1860 katika nchi ya Buddu, akapelekwa ikulu ya Kabaka angali kijana mdogo, mwaka 1874. Hiyo ilikuwa desturi ya Waganda. Wakuu walitoa watoto wao wakakae ikulu kama watumishi, na huko ndiko walikojifunza adabu, vita na utawala. Aliyependwa na Kabaka aliweza kupata uchifu. Aliyechukiwa hakurudi kwao. Kijana huyu alipendwa. Mutesa alimweka katika chumba chake cha ndani, na alipokuwa mgonjwa alitaka Mukasa awe karibu. Inasimuliwa kuwa siku moja nyoka mkubwa aliingia katika nyumba ya Kabaka, watu wakatawanyika, naye Mukasa akamshika kwa mikono mitupu akamwua. Sisi tunaolala karibu na misitu ya Gombe tunajua kuwa hilo si jambo la kuchezea.

Alibatizwa tarehe 30 Aprili 1882, akaitwa Yosefu. Mwaka huo huo Mapadre waliogopa hali ya ikulu, wakaondoka Buganda wakaenda kukaa kusini ya Ziwa Victoria, huko Usukuma. Kwa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre. Yosefu ndiye aliyewashika pamoja wale wa ikulu. Aliwafundisha watumishi wadogo, akawaonya, akawabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Tukumbuke kuwa yeye mwenyewe alikuwa Mkristo mchanga, na mchana kutwa alikuwa na kazi ya kumtumikia Kabaka.

Sasa tumtaje yule wa pili. Mwanga alikuwa mtoto wa Mutesa. Kabla hajawa mfalme alikuwa kijana mchangamfu aliyependa kuwatembelea wamisionari, wa kwetu na wa Kirumi, akisikiliza mafundisho na kuuliza mambo mengi. Wasomaji wa dini walimpenda. Walimwona kuwa mwenzao, wakatumaini kuwa siku akitawala wataabudu bila hofu. Mutesa alipokufa mwezi wa Oktoba 1884, Mwanga akakalia kiti cha enzi akiwa na miaka kama kumi na sita au kumi na minane. Alimfanya Yosefu kuwa mkuu wa watumishi wa nyumba yake. Akawaita Mapadre warudi, nao wakarudi mwezi wa Julai 1885.

Kwa hiyo Yosefu alikuwa na umri kama wa kaka kwa Mwanga, naye alimhudumia kama alivyomhudumia baba yake. Mwanga alimwita wakati wowote, akamwuliza shauri, akamruhusu kusema yale ambayo mwingine angepoteza masikio kwa kuyasema. Waganda wote walijua kuwa yule anapendwa. Hatusemi kuwa urafiki huo ulikuwa wa uongo tangu mwanzo. Tunadhani Mwanga alimpenda kweli. Lakini yako mapenzi ya mtu anayetaka rafiki awe kama kioo, ajione humo mzuri siku zote. Siku kioo kinapoonyesha doa, hukasirikia kioo.

Palikuwa na mtu wa tatu. Huyu ni Katikiro, yaani waziri mkuu, ambaye jina lake pia lilikuwa Mukasa. Sisi tutamwita Katikiro tu ili tusichanganye. Alikuwa mkuu mwenye nguvu tangu siku za Mutesa, na hakupenda kuona vijana wasomaji wakisikilizwa kuliko wazee. Mwanzoni mwa 1885 yeye na wakuu wengine walifanya shauri la siri kumwondoa Mwanga na kumweka ndugu yake. Habari zikawafikia Wakristo. Yosefu, pamoja na Andrea Kaggwa aliyekuwa kiongozi wa wapiga ngoma wa Kabaka na mwenzake katika uwindaji, walimwarifu Mwanga. Hivyo maisha ya Mwanga yaliokolewa na marafiki zake hawa.

Katikiro aliitwa. Alilia, akajitupa chini, akaomba msamaha, na Mwanga akamsamehe akamwacha katika cheo chake. Hapa ndipo sisi tunapoona shina la msiba wote. Kusamehe ni jambo jema, nasi Wakristo hatuwezi kusema vingine. Lakini Mwanga hakumsamehe Katikiro kwa sababu ya huruma, alimsamehe kwa sababu alimwogopa. Kisha akatangaza kuwa waliomwokoa atawapa vyeo vikubwa, hata watu wakaanza kunong'ona kuwa Yosefu atakuwa Katikiro. Mtu aliyesamehewa akabaki mlangoni pa ikulu kila siku, akimtazama yule aliyemfichua, na akijua kuwa ndiye atakayechukua nafasi yake. Akangoja.

Yosefu naye hakutumia nafasi ile kujitafutia mali. Aliitumia kwa jambo moja lililomchukiza Mwanga kuliko yote. Kabaka alikuwa amejiingiza katika uvutaji wa bangi na katika uchafu wa mwili, akiwataka vijana watumishi wafanye naye mambo ambayo Mkristo hawezi kuyakubali. Yosefu, akiwa mkuu wao, aliwafundisha kukataa. Kijana alipoitwa na ikajulikana anaitiwa nini, Yosefu alimpeleka kazi nyingine mahali pa mbali. Mwanga akaanza kuona kuwa amri yake, isiyopingwa na wakuu wa nchi, inapingwa na watoto ndani ya nyumba yake mwenyewe, tena kwa mafundisho ya rafiki yake.

Damu ilianza kumwagika upande wetu. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa Misheni ya C.M.S., Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walichomwa moto huko Busega. Yusufu alikuwa mtoto tu. Wengi walidhani ni hasira ya siku moja ambayo itapita.

Kisha ikaja habari ya Askofu. James Hannington aliwekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki mwaka 1884. Alitoka pwani, na badala ya kushika njia ya zamani ya kusini kupitia Unyamwezi, akakata moja kwa moja kupitia nchi ya Wamasai, akitokea Busoga upande wa mashariki mwa Buganda. Hakujua kuwa Waganda waliamini tangu zamani kwamba watakaoila nchi yao watatokea mashariki. Mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wakichukua nchi huko pwani, na habari zilifika ikulu. Mackay na wenzake walijaribu kueleza kuwa Askofu si mtu wa vita. Haikusaidia. Hannington alikamatwa Busoga tarehe 21 Oktoba 1885, akafungwa siku nane katika kibanda kichafu, mgonjwa wa homa, na tarehe 29 Oktoba akauawa kwa amri ya Mwanga. Wapagazi wake karibu wote waliuawa pamoja naye.

Katika ikulu nzima alipatikana mtu mmoja wa kumwambia Mwanga usoni kuwa ametenda vibaya. Yosefu alimwambia kuwa si haki kumwua mgeni bila kumsikiliza, na kwamba Mutesa baba yake hakupata kumwua mzungu. Tufikiri kidogo. Hannington hakuwa wa kanisa la Yosefu. Siku zile wamisionari wa pande mbili hawakupendana. Walishindana mbele ya Kabaka kwa maneno makali, kila mmoja akimwita mwenzake mpotevu. Kama Yosefu angenyamaza, hakuna padre ambaye angemlaumu. Angeweza hata kufikiri kuwa kufa kwa Askofu wa Kiingereza ni faida kwa upande wake. Hakufikiri hivyo. Alimwona rafiki yake anaua, akamkemea.

Neno lile la kumlinganisha na baba yake lilimchoma Mwanga. Kila mtoto wa mkubwa anajua jinsi linavyouma. Na Katikiro alikuwapo kulipulizia, kama mtu anavyopulizia jiko la mkaa. Alimweleza Kabaka kuwa Yosefu anatoa siri za ikulu kwa wazungu, kwa maana wamisionari walikuwa wamejua mapema mno habari za Hannington. Ni nani aliyewaambia kama si huyu anayelala mlangoni kwako? Hivyo ndivyo alivyouliza, tena na tena. Mtu aliyekuwa amefanya shauri la kumpindua Mwanga, sasa alimshitaki kwa uhaini yule aliyemwokoa. Na Mwanga akasadiki. Pengine kusadiki kulikuwa na raha kuliko kukumbuka deni lake kwa Yosefu.

Ikabaki kupata kisa. Katikati ya Novemba Mwanga aliumwa macho, akapewa dawa na Padre Lourdel. Baada ya kuimeza akajisikia vibaya. Mara moja akadhani ametiwa sumu, na aliyekuwa kati yake na Padre alikuwa Yosefu. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba alimwita Yosefu, akakaa akimkaripia saa nyingi za usiku. Alimtajia dawa, akamtajia siri, akamtajia Hannington, akamtajia vijana wanaomkataa. Ni jambo la kuhuzunisha kufikiri usiku ule. Watu wawili waliojuana miaka mingi, chumba kile kile ambamo mmoja alikuwa amemlinda mwenzake asiguswe, na sasa kila wema wa zamani unageuzwa kuwa shitaka.

Je, Yosefu hangeweza kukimbia? Wakristo wengine walijificha vijijini, na njia ya kwenda ziwani ilikuwapo. Tumejadiliana neno hili katika kikundi chetu cha kusoma Biblia, na hatukupatana. Wengine walisema rafiki mwenye sumu aachwe mapema, na kwamba Yosefu alikawia mno nyumbani mwa mtu ambaye kila mmoja aliona anaharibika. Wengine walisema kama angeondoka, wale watoto watumishi wangebaki na nani? Sisi tunaelekea upande wa pili, ingawa hatudharau wa kwanza. Yosefu hakukaa ikulu kwa kuwa aliona raha ya kupendwa na mfalme. Alikaa kwa sababu palikuwa na watu wengine nyuma ya mgongo wake.

Asubuhi ya tarehe 15, siku ya Jumapili, hukumu ikatoka kuwa Yosefu achomwe moto. Katikiro hakutaka kupoteza hata saa moja. Alimjua bwana wake. Alijua kuwa Mwanga hukasirika asubuhi na kulia jioni, na kama Yosefu angekuwa hai jioni angeitwa tena kuleta maji ya kunywa. Kwa hiyo akaagiza kazi ifanyike upesi.

Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alimheshimu Yosefu na alitumaini kuwa Kabaka atabadili neno. Aliendelea polepole kadiri alivyoweza, lakini wajumbe wa Katikiro walimhimiza. Walipofika Nakivubo wakataka kumfunga kamba. Yosefu aliwaambia hakuna haja, kwa maana Mkristo anayekufa kwa ajili ya Mungu hana sababu ya kukimbia. Kisha akamwachia Mukajanga ujumbe wa kumpelekea Mwanga. Alisema kuwa anamsamehe kwa kumwua bila haki, lakini anamshauri atubu, maana asipotubu watakutana mbele ya kiti cha hukumu cha Mungu, naye Yosefu atakuwa mshitaki wake. Mukajanga hakutaka kumchoma angali hai. Alimkata kichwa kwanza, kisha mwili ukateketezwa.

Tunaomba msomaji aangalie ujumbe ule. Hata hapo, kamba mkononi mwa wauaji, Yosefu alikuwa bado anampa shauri yule aliyezoea kumshauri. Si laana, na wala si maneno ya kumpendeza. Ni maneno yale yale ambayo angemwambia chumbani.

Mwanga alipoletewa ujumbe huo, inasimuliwa kuwa aliogopa sana ingawa alicheka. Akaamuru mtu mwingine auawe na majivu yake yachanganywe na majivu ya Yosefu, ili siku ya hukumu Yosefu asiweze kujikusanya na kumshitaki. Mtu huyo wa pili jina lake halitajwi katika masimulizi. Alikufa ili mfalme apate usingizi.

Kama Katikiro alidhani kuwa kumwua mmoja kutawatawanya wengine, alikosea. Siku zile zile watu walikwenda kwa Mapadre usiku wakiomba kubatizwa kabla hawajakamatwa. Karoli Lwanga, kijana kutoka Buddu, akachukua nafasi ya Yosefu kuwalinda watumishi. Mwisho wa Mei 1886 hasira ya Mwanga ilifumuka yote. Andrea Kaggwa, yule rafiki wa pili aliyemwokoa Kabaka pamoja na Yosefu, aliuawa tarehe 26 Mei huko Munyonyo. Mwanga alisita kumtoa, kwa kuwa alimpenda. Katikiro akasema hatakula chakula mpaka auawe, na muuaji akamletea mkono wa Kaggwa uliokatwa kuwa ushahidi. Tarehe 3 Juni, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa Namugongo. Katika orodha za makanisa mawili, mashahidi wa kati ya 1885 na 1887 ni 22 wa Kirumi na 23 wa kwetu. Wapo na wengine wasioandikwa.

Na Mwanga? Hapa habari inakuwa ya ajabu, na wengi hawaijui. Mwaka 1888 alitaka kuwapeleka Wakristo na Waislamu kisiwani awaache huko wafe kwa njaa. Wakamgundua, wakamfukuza. Akavuka Ziwa Victoria akafika Magu, akateseka huko, kisha akakimbilia Bukumbi, katika nchi yetu hii ya Tanzania, kwa Mapadre wale wale ambao alikuwa amewaua watoto wao wa kiroho. Walimpokea wakamlisha. Waliomrudisha kwenye kiti chake mwaka 1889 ni Wakristo, Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Kiongozi mmoja wa jeshi hilo, Honorati Nyonyintono, alikuwa amekatwa viungo vya mwili wake mwaka 1886 kwa amri ya Mwanga mwenyewe. Alikufa vitani akimpigania. Tumelisoma jambo hilo mara kadha wa kadha na bado linatushinda.

Haikupita miaka mitatu, Wakristo hao wakageukiana. Mwezi wa Januari 1892, kwenye vilima vya Mengo na Rubaga, Waanglikana na Wakatoliki walipigana kwa bunduki na kuchomeana nyumba, na upande wetu ukashinda kwa msaada wa bunduki za mzinga za Kapteni Lugard. Hatuoni fahari kuliandika hili. Watu wale walikuwa na mashahidi walioungua katika kuni zile zile, na walikuwa na Yosefu aliyekufa akiwa amemtetea Askofu wa wenzao, na yote hayo yalisahauliwa katika miaka sita. Kwa sababu hiyo tunaona haya tunaposikia baadhi yetu hapa kwetu, wakati wa msiba, wakisita kuingia kanisani kwa jirani.

Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza, akashindwa, akakimbilia kwa Wajerumani, wakamweka Mwanza. Akatoroka, akaungana na Kabalega wa Bunyoro aliyekuwa adui wa ukoo wake, na wote wawili wakakamatwa mwezi wa Aprili 1899. Walipelekwa visiwa vya Shelisheli, mbali katika Bahari ya Hindi. Huko, bila ngoma, bila watumishi, bila Katikiro wa kumnong'oneza, Mwanga alijifunza tena dini aliyoionja ujanani. Akabatizwa katika Kanisa letu la Anglikana, akaitwa Danieli. Alikufa mwaka 1903. Mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa Buganda ukazikwa Kasubi, karibu na Mutesa baba yake.

Kwa hiyo tuna jambo hili la kulitafakari, ambalo hatuwezi kulikwepa. Mwuaji wa Hannington amo katika vitabu vya ubatizo vya Kanisa la Hannington. Kama Danieli Mwanga alikumbuka ujumbe wa Yosefu alipoinama kunyunyiziwa maji, hilo Mungu analijua.

Yosefu Mukasa hana kaburi, kwa sababu ya majivu yale. Kanisa la Roma lilimwandika katika idadi ya watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 pamoja na wenzake 21, na siku hiyo Papa Paulo VI aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Sisi Waanglikana tunamkumbuka Askofu Hannington kila tarehe 29 Oktoba. Safari ijayo siku hiyo itakapofika hapa Mwamgongo, tumewaombea wazee wa kanisa waruhusu jina la Yosefu litajwe katika sala siku ile ile, na ndugu zetu Wakatoliki waalikwe. Wazee bado wanalizungumza.

Anayefika Kampala leo anaweza kupita mahali pale pa Nakivubo bila kujua. Karibu na kiwanja cha mpira liko soko kubwa sana, maelfu ya watu wakiuza nguo za mitumba, viatu, nyanya, na dagaa waliokaushwa kama wetu. Soko hilo limeandikwa kwa jina lake, Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Watu wengi wanaouza na kununua humo huliita Owino.